Mgongo haunyooki kwa kukaripiwa

TUSEME, mpendwa msomaji, una binti wa miaka 13. Shule zinakaribia kufunguliwa na umempeleka kwa fundi wa cherehani mtaani ili apunguziwe sketi ya shule. Fundi anapiga tepu, anakunja upindo, anautia pini, kisha anamwambia mtoto asimame mbele ya kioo. Sketi imekaa upande. Kulia iko magotini, kushoto imeshuka. Fundi anatoa pini na kupima upya. Kitambaa kiko sawa kabisa. Anamtazama mtoto kwa nyuma, anasita kidogo, halafu anakuambia kwa sauti ya chini: "Mama, sketi haina neno. Ni kiuno cha mtoto hakiko sawa."

Je, ungefanya nini? Wengi wetu tungefanya lile tulilolizoea. Njia nzima ya kurudi nyumbani ni kumgombeza. "Si nimekuambia uache kusimama kwa mguu mmoja! Nyooka! Unatembea kama ajuza!" Mtoto ananyooka. Mkifika kwenye kona ya duka amesharudi pale pale, nawe unaanza upya. Jioni baba ataongeza yake, na nyanya akija kutoka mashambani atasema yote hayo yameletwa na simu. Mwaka utapita hivyo.

Mwaka huo ndio ninaotaka tuuzungumzie leo, maana kuna watoto ambao mwaka mmoja wa kukaripiwa badala ya kupimwa huwaachia mgongo uliopinda maisha yao yote.

Kwanza tuelewane jambo moja. Mkao wa mwili haushikiliwi na nia peke yake. Ukiambiwa unyooke, utajinyoosha, lakini fikira zikihamia kwenye hesabu au mazungumzo, misuli hurudi ilikozoea. Hata askari aliyefunzwa gwaride kwa miezi, ukimkuta kwake mbele ya runinga, utamwona amejilaza kwenye kochi kama sisi sote. Kinachousimamisha mwili ni uti wa mgongo, zile pingili 33 kuanzia shingoni hadi kwenye kifandugu chini kabisa, pamoja na misuli iliyoushika pande zote kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi. Mlingoti ukipinda, pana sababu. Ama kamba zimelegea upande mmoja, ama mti wenyewe umekua vibaya, ama kuna mdudu anayeula. Ukiutazama kwa mbali huwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Hapo ndipo anapohitajika mtu aliyeisomea kazi hiyo.

Timazi ya mwashi

Mtu huyo ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tabibu wa viungo na misuli. Wengi humjua kama mtu wa kuwafundisha kutembea tena wagonjwa wa kiharusi, au waliovunjika miguu katika ajali za matatu na bodaboda. Hiyo ni kazi yake kweli, lakini kuusoma mgongo wa mtu pia ni kazi yake, na ukimtazama akiifanya utashangaa jinsi anavyotumia vifaa vichache.

Huanza kwa maswali. Mlianza kuona lini? Mtoto anaumwa, au anapinda tu bila maumivu? Maumivu humwamsha usiku? Amekuwa na homa au amepungua uzito? Kuna mwingine katika ukoo mwenye mgongo kama huo? Binti ataulizwa kama ameanza hedhi na ni lini. Wazazi wengine hukasirika hapo, wakidhani ni utovu wa adabu. La hasha. Hedhi humwonyesha mtaalamu ni kiasi gani cha ukuaji kimebaki, na hesabu hiyo, kama utakavyoona, ndiyo huamua mengi.

Kisha mtoto huombwa avue shati abaki na kaptura na vazi jepesi lililo wazi mgongoni. Una haki ya kuwa humo chumbani, na una haki ya kuuliza kama kuna mtaalamu mwanamke. Anasimamishwa kando ya timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma ambao mwashi hutumia kujua kama ukuta umesimama wima. Mtu aliyesimama sawa, akitazamwa kwa ubavuni, uzi hupita kwenye ndewe ya sikio, ukashuka katikati ya bega, ukapita kwenye mfupa unaojitokeza nyongani, kisha mbele kidogo ya katikati ya goti na mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Mtoto aliyezoea kujikunja, sikio huwa limeutangulia uzi na mabega yamekuja mbele. Hatua hii haihitaji mashine wala umeme.

Baadaye hulazwa kitandani, na miguu kupimwa kwa tepu kutoka nyongani hadi kifundoni. Wakati mwingine siri yote ya sketi iliyokaa upande ni mguu mmoja uliopungua sentimita moja au mbili, na dawa yake ni kipande cha soli ndani ya kiatu. Hebu fikiria ni matusi mangapi mtoto wa namna hiyo angekuwa amemeza bure.

Kuna kipimo kingine ambacho hata wewe unaweza kukifanya nyumbani leo jioni. Kilielezwa mwaka wa 1865 na daktari mpasuaji wa London aitwaye William Adams, na hadi leo hakijapitwa na wakati. Mwambie mtoto asimame miguu pamoja, magoti yamenyooka, aunganishe viganja, kisha ainame polepole kana kwamba anataka kugusa vidole vya miguu. Wewe kaa nyuma yake, macho yako yawe sambamba na mgongo. Pande zote mbili zikiwa sawa kama meza, hiyo ni dalili njema. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwenzake kama kilima, usimkaripie mtoto. Mpeleke akapimwe.

Mgongo uliojisokota

Mbavu zilizoinuka upande mmoja aghalabu ni ishara ya hali ambayo madaktari huiita skoliosisi. Uti wa mgongo hupinda kwenda kando na wakati huo huo hujisokota, ndiyo maana mbavu hupanda. Huwapata watoto 2 hadi 3 katika kila 100 wenye umri wa kati ya miaka 10 na 16. Mipindo mingi huwa midogo isiyo na madhara, lakini ile mikubwa huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Hakisababishwi na mkoba mzito wa vitabu, wala kulala vibaya, wala ukaidi. Na mara nyingi hakuna maumivu, kwa hivyo mtoto hana cha kulalamikia.

Mtoto mwenye dalili hizo hutumwa kwa daktari wa mifupa na kupigwa picha ya eksirei akiwa amesimama. Mpindo hupimwa kwa digrii. Ukiwa mdogo, huangaliwa tu kila baada ya miezi kadhaa huku mtoto akifanya mazoezi. Ukifika kati ya digrii 25 na 40, na mtoto angali anakua, hutengenezewa kifaa kigumu cha kiwiliwili kwa vipimo vyake mwenyewe, akivae chini ya nguo. Ukipita digrii 45 au 50, mazungumzo huwa ni ya upasuaji, na huo si upasuaji wa mchezo.

Hapa ndipo ule mwaka wa kukaripia unapoingia. Kifaa hicho husaidia tu wakati mifupa ingali inakua. Mwaka wa 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha watoto 242 nchini Marekani na Kanada. Miongoni mwa waliovishwa kifaa, asilimia 72 walimaliza kukua bila mpindo kufikia digrii 50. Kwa wale walioangaliwa tu bila kuvishwa, ni asilimia 48. Na waliokivaa angalau saa 13 kwa siku ndio walionufaika zaidi. Binti akishamaliza kurefuka, mlango huo umefungwa, na msichana hurefuka kwa kasi zaidi katika muda mfupi kabla ya hedhi ya kwanza. Wazee waliosema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wakizungumzia tabia, lakini daktari wa mifupa angeichukua methali hiyo jinsi ilivyo, neno kwa neno.

Kibyongo cha ghafla

Sasa tuje kwa mgongo unaopinda kwenda mbele, ule unaomfanya mtoto achekwe shuleni kwamba ana kibyongo. Mtaalamu atamlaza kifudifudi, amwombe ainue kichwa na kifua. Nundu ikinyooka na kutoweka, pingili ni nzima na tatizo liko kwenye misuli na mazoea. Ikikataa kunyooka, huenda pingili zenyewe zimekua zikiwa nyembamba mbele na nene nyuma, kama vipande vya keki vilivyopangwa. Hali hii imepewa jina la Holger Scheuermann, daktari wa Denmark aliyeieleza mwaka wa 1920. Hujitokeza katika ujana, na mtoto huyo hata ukimlipa hawezi kunyooka, maana ni mfupa.

Lipo jambo la tatu, nalo ndilo la kuogopwa zaidi hapa kwetu. Ni nundu iliyochongoka mahali pamoja, kana kwamba pingili moja imetaka kutoka nje, huku mtoto au mtu mzima akiwa na maumivu ya mgongo yasiyokwisha, joto la jioni, jasho la usiku na kukonda. Hicho chaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka wa 1779, na bado kipo. Kifua kikuu kikiingia mifupani, uti wa mgongo ndio hushambuliwa mara nyingi zaidi, na mgonjwa anaweza kuwa nacho bila kukohoa hata mara moja. Kikiachwa, pingili huporomoka na kuubana uti wenyewe, miguu ikafa ganzi na hatimaye kupooza. Kikigunduliwa mapema hutibiwa kwa vidonge, na vidonge vya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za umma nchini, ingawa kwa mifupa matibabu huweza kuchukua mwaka mzima. Mgonjwa kama huyo akienda kukandwa kwa mafuta miezi sita, unaweza kujua mwenyewe anapoteza nini. Dalili hizo zikiwapo, nenda kwa daktari moja kwa moja, na ikiwa miguu imeanza kulegea au mkojo haushikiki, nenda siku hiyo hiyo.

Wengi ni mazoea, na mazoea yana chanzo

Nisikutie hofu kupita kiasi. Watoto wengi wanaojikunja hawana ugonjwa wowote. Lakini hata mazoea yana mwanzo wake, na mtaalamu mzuri huutafuta. Kuna anayeinamia daftari kwa sababu haoni mbali. Huyo atatumwa kwa daktari wa macho, na miwani ndiyo itakayomnyoosha. Kuna mvulana aliyerefuka ghafla kuwapita wenzake, akaanza kujifupisha.

Na kuna msichana anayeficha matiti. Hili halizungumzwi nyumbani kwetu, hasa mbele ya baba, lakini kila mwalimu wa kike analijua. Kifua kimeanza kuonekana, wavulana wanatoa maneno, sidiria haijanunuliwa au inabana, na mtoto anakumbatia vitabu kifuani huku mabega yakiwa yamefungana mbele. Kumpigia kelele "toa kifua!" mbele ya ndugu zake ni kumwambia afanye lile lile analoliogopa. Mama, shangazi au dada mkubwa amchukue pembeni, amnunulie sidiria inayomtosha, na azungumze naye. Mtaalamu wa fiziotherapia atamfunza mazoezi, lakini mazoezi hayatashinda aibu.

Mazoezi yenyewe ukiyaona unaweza kuyadharau. Kurudisha kidevu nyuma bila kuinua uso. Kuleta mabega nyuma na chini kana kwamba unabana kalamu kati yake. Kulala chali juu ya taulo iliyokunjwa ili kifua kifunguke. Kulala kifudifudi na kuinua mikono. Kila moja hurudiwa mara kumi hivi, mara mbili kwa siku. Thamani ya mtaalamu ni kuchagua ni yapi yanamfaa mtoto wako, kumwonyesha anapokosea, na kuyaongeza uzito misuli inapopata nguvu. Usitarajie miujiza katika wiki mbili. Misuli huhitaji wiki 6 hadi 12 kuonyesha tofauti, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu. Mpango wa nyumba moja ninayoijua ulikuwa mtoto na mama wafanye pamoja wakati wa taarifa ya habari, na nadhani mama ndiye aliyenufaika zaidi.

Huenda ukashangaa kusikia kwamba wataalamu wengi siku hizi hawahubiri tena mkao mmoja mtakatifu wa kuketi. Kujikunja kidogo si lazima kulete maumivu, na kuketi wima kama nguzo siku nzima kunachosha vilevile. Wanachosisitiza ni kutokaa namna moja kwa muda mrefu. Wewe unayefanya kazi mbele ya kompyuta Upper Hill kutwa, kisha unakaa saa mbili kwenye msongamano wa magari, inuka kila nusu saa, hata kama ni kwenda kuchota maji ya kunywa. Kuhusu mkoba wa shule, kadiria usipite asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto, yaani kilo 4 hadi 6 kwa mtoto wa kilo 40, na auvae mabega yote mawili.

Watu wazima nao wasijisahau. Kijana ambaye mgongo humkakamaa kila asubuhi kisha ukalegea akitembea, na hali hiyo imedumu zaidi ya miezi mitatu, amwone daktari, kwani kuna ugonjwa wa viungo vya uti unaoanza hivyo kabla ya umri wa miaka 45. Na nyanya anayezidi kuwa mfupi na kupinda mwaka hadi mwaka huenda mifupa yake imepungua ugumu na pingili zinajikunja zenyewe. Si uzee tu, na inatibika.

Utampata wapi mtaalamu

Hospitali nyingi za kaunti zina idara ya fiziotherapia, na Hospitali Kuu ya Kenyatta inayo. Anza katika kituo kilicho karibu nawe, ueleze ulichokiona, na uombe barua ya rufaa. Wataalamu hawa hufunzwa katika vyuo kama KMTC na JKUAT, na tangu sheria ya mwaka wa 2014 kuna Baraza la fiziotherapia linalowasajili. Anayefungua kliniki ya kibinafsi lazima awe na usajili huo. Muombe akuonyeshe, bila haya. Uliza pia mapema ni mara ngapi mtoto atahitajika kurudi na kila mara ni shilingi ngapi, na kama bima yako inalipa. Mtaalamu anayekuambia utakuja kila siku bila mwisho, na haonyeshi mtoto zoezi lolote la kufanya nyumbani, mtilie shaka.

Jihadhari na njia za mkato. Mikanda ya kuvuta mabega inayouzwa madukani huyavuta kweli, wakati umeivaa. Ukiivua, mabega hurudi, maana misuli haikufunzwa chochote. Isichanganywe na kile kifaa cha skoliosisi kinachopimwa na daktari. Na yule kinyozi anayemaliza kunyoa kwa kukukanda kichwa, mshukuru, lakini akitaka kuisokota shingo mpaka ilie, mwambie basi. Kusokotwa shingo kwa ghafla huweza, ingawa ni mara chache, kurarua mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo.

Siku ya kwenda, mvishe mtoto kaptura na nguo nyepesi, beba viatu anavyovaa sana kwenda shuleni, maana soli zilizolika upande mmoja humwambia mtaalamu mengi, na picha zozote za eksirei za zamani. Mwache mtoto ajibu maswali mwenyewe. Na yule fundi wa cherehani mwambie asiikate ile sketi kwanza. Aifunge kwa pini tu mpaka mrudi.